Ngoma ya Matanga na Kanda Yetu ya Pili

Walisema sitaweza kutoa kanda ya pili. Muuza nyama wa kona yetu pale Umoja, Nairobi, alisema ile ya kwanza ilikuwa mchezo wa mtu aliyetoka majuu, na kwamba mwaka hautaisha kabla sijauza gitaa na kufungua kibanda cha sukuma wiki. Binamu yangu, karani ambaye hajawahi kulala nje ya Kenya hata siku moja, alisema diploma ya kurekodi sauti si diploma, ni risiti tu ya kuonyesha mtu alilipa karo. Na mpiga dramu wetu mwenyewe, siku aliyopakia dramu zake kwenye pikapu kwenda Mombasa kupiga muziki wa hoteli, alinigeukia akasema, "Buda, mashine unazijua. Muziki huujui."

La muuza nyama nililicheka. La binamu nililijibu kwa maneno ambayo shangazi zetu hawajayasahau. La mpiga dramu lilinikaa kooni.

Sioni haya kusema mimi ni nani. Niliondoka Umoja na sanduku moja, nikaenda Uingereza bila mjomba wa kunipokea wala mbunge wa kuniandikia barua. Miaka minne niliosha masufuria ya hoteli kuanzia saa kumi jioni, na asubuhi nilikaa darasani nikijifunza jinsi sauti inavyokamatwa, inavyosafishwa na inavyopangwa. Nilirudi na diploma niliyoilaza kati ya mashati mawili isikunjike, na mashine ya kurekodi ya njia nne. Njia ya kwanza unaweka ngoma, ya pili besi, ya tatu gitaa, ya nne mwimbaji, halafu unazichanganya ziwe wimbo mmoja kwenye kanda ya kawaida. Sikujua mtu mwingine Eastlands nzima aliyekuwa nayo. Watu walikuja kuitazama jinsi wanavyokuja kumwona mtoto mchanga, wengine na mkate.

Nilirudi pia na muziki wenyewe. Huko nje nilikuwa nimeshikwa na muziki wa metali, magitaa mazito yaliyochafuliwa sauti kwa makusudi, na mwimbaji anayepiga kelele kama mtu aliyefungiwa kidole mlangoni. Nikatafuta wenzangu. Mwimbaji nilimpata Dandora, kijana Mluhya mwenye kifua kipana aliyefanya kibarua cha usiku kwenye kiwanda karibu na Mukuru kwa Reuben. Mpiga besi alikuwa Mkamba, karani katika ofisi moja ya serikali, mtu wa maneno machache, mwana wa mchongaji vinyago aliyekuwa na banda lake hapo hapo Umoja. Na yule wa dramu aliyetukimbia. Mtaani walituita vijana wa mabati, kwa sababu walisema tunasikika kama mtu anayeburuta mabati barabarani.

Kanda ya kwanza ilikuwa safi. Nasema hivyo hadi leo: hakuna aliyerekodi gitaa safi kuliko mimi mwaka ule. Lakini nyimbo zake zote zilikuwa za Kiingereza, na tatu kati yake zilihusu theluji. Mama mwenye nyumba yangu, mjane aliyekuwa akiuza mitumba na ambaye hakuna neno lililompita, alisikiliza upande mmoja wote akiwa amesimama na ndoo mkononi, kisha akauliza, "Hiyo theluji ni ya wapi? Ya Kinangop kwenye baridi?"

Mwimbaji alicheka mpaka akaketi chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeiona theluji, nilikuwa nimeizoa kwa koleo. Yeye hakuwa ameiona, na ndiye niliyempa aimbe.

Hali ilituharibikia Julai moja, katikati ya miaka ya tisini. Dramu zilikuwa zimekwenda Mombasa. Juma lilelile mpiga besi alipata barua ya uhamisho: aripoti Garissa mwisho wa mwezi. Aliisoma barua hiyo kwa sauti ya chini kitandani mwangu, maana kiti kilikuwa kimoja, akaikunja, akasema, "Jumatatu ya mwisho napanda basi. Kama kuna kanda, iwe imekwisha."

Tulikuwa na majuma manne, nyimbo nane zilizoandikwa nusu nusu, na hakuna kitu cha kupiga mdundo. Nilijua kwamba akishapanda basi bendi imekufa. Mwimbaji naye alikuwa ameanza kusema wajukuu wake wataambiwa kwamba babu yao aliwahi kuimba juu ya barafu.

Yeye ndiye aliyetaja ngoma. Mjomba wake, ndugu ya mama yake, aliongoza kikundi cha isukuti pale Dandora, zile ngoma ndefu za Waluhya wa magharibi mwa Kenya zinazoning'inizwa begani na kupigwa kwa mikono. Harusini huwa zipo, na matangani huwa zipo zaidi, kwa sababu mtu wao akifia Nairobi mwili hautoki mochari kimya kimya. Ngoma ni tatu. Ndogo huiita mtoto, ya kati mama, na kubwa baba.

"Tuombe baba," mwimbaji akasema.

Mzee alitupokea uani kwake, akiwa na kofia ya sufu na makoti mawili. Mwimbaji alimwita khotsa, yaani mjomba, na kuinama. Mimi nilimpa mkono na kumweleza kuhusu diploma yangu, njia nne na masafa ya sauti. Alisikiliza kwa adabu.

"Huyu rafiki yako," akamwambia mpwa wake, "huwa anapumua saa ngapi?"

Hata hivyo alitupa. Aliitoa ndani ikiwa imefunikwa shuka, akatuonyesha ngozi yake, nyembamba yenye magamba madogo madogo. Ilikuwa ngozi ya kenge, akasema, iliyowambwa na baba yake mwenyewe, na siku hizi haipatikani. Kisha akakunja kurasa mbili za gazeti la zamani, akaziwasha, akapitisha ngozi juu ya mwali haraka haraka kama mtu anayechoma manyoya ya kuku. Akaipiga. Sauti ikatoka nene, ya duara.

"Baridi ikiilegeza, moto wa gazeti. Unapita, haukai. Na nikiihitaji, inarudi siku hiyo hiyo. Mtu hafi kwa ratiba."

Chumba nilipewa na mama mwenye nyumba. Alikuwa ameanza kuongeza vyumba nyuma ya nyumba kama wenzake wote pale Umoja, na kimoja kilikuwa na kuta na paa lakini hakina dirisha. Kilikuwa na mwangwi kama tangi tupu. Dawa yake ni kufunika kuta kwa kitu kizito, nami sikuwa na kitu. Nikapita mlango hadi mlango nikiomba blanketi, mwezi wa Julai, watu wakiwa wamejikunyata kwa baridi.

"Blanketi!" akasema jirani mmoja, mke wa dereva. "Mimi na mzee wangu tujifunike diploma yako?"

"Ni mwezi mmoja tu, mama."

"Ikirudi na harufu ya sigara, utanioa wewe."

Alinipa. Wakanipa kumi na mbili, na kila mmoja alifunga kitambaa cha rangi yake kwenye pindo ili zisichanganyike. Nilizitundika kwa misumari. Nilipofunga mlango nikapiga kofi, kofi lilikufa papo hapo. Niliwatazama wenzangu kwa fahari. Chumba cha kurekodi, bila senti moja.

Saa zetu zilikuwa asubuhi, watu wakiwa kazini na mpiga besi akiwa kwenye likizo ya uhamisho, na Jumapili watu wakiwa kanisani. Mwimbaji alitoka zamu ya usiku, akanywa chai kwangu, akapiga ngoma kwanza, halafu baadaye akaimba juu ya alichopiga. Na hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu ngoma haikukubali chochote nilichojifunza.

Nilikuwa na uma wa chuma, ukiugonga unatoa noti moja isiyobadilika. Magitaa ya dunia nzima hulinganishwa nayo. Ngoma ilikuwa chini yake kidogo, si noti kamili, mahali fulani katikati. Nikamwambia mwimbaji aipashe zaidi ipande. Ilipanda, na kufika ubeti wa pili ilikuwa imeshuka tena kwa baridi, magitaa yakabaki juu kama ndugu waliogombana. Siku tatu zikaenda hivyo.

Isitoshe, sikuweza kuuhesabu mdundo wenyewe. Nilihesabu moja mbili tatu nne kama nilivyofundishwa, na kila mara nilijikuta nimeingia peke yangu. Nilimlaumu mwimbaji. Nilisema hana nidhamu. Akaweka ngoma chini, akatoka nje kusimama kwenye jua. Mpiga besi aliinua macho kutoka kwenye besi yake.

"Unaanza kuhesabu pale anapomaliza," akaniambia. "Halafu ukigongana naye unamwita mlevi."

Akalegeza nyuzi za besi yake, moja moja, mpaka zikakaa pale ngoma ilipokuwa. Hakugusa uma. Akamwita mwimbaji arudi, na wakaanza wawili. Akili yangu ilikataa kabla ya masikio yangu. Nyuzi zilizolegea namna ile zilikuwa zinanguruma na kugonga shingo ya besi, kosa ambalo darasani lingenikosesha alama. Lakini ule mtetemo na ile ngozi vilikuwa kitu kimoja. Nililegeza gitaa langu pia. Ngoma iliposhuka katikati ya wimbo, tulishuka nayo kwa kuvuta nyuzi, na wimbo ukawa kama unazama taratibu. Sijawahi kusikia bendi ya huko nje iliyofanya hivyo, na nimesikia nyingi.

Baada ya hapo maneno ya Kiingereza hayakukaa tena. Mwimbaji alijaribu ubeti wa zamani mara moja, akaacha. Akaanza kusema tu, bila kuimba, maneno anayoyasikia kila jioni kwenye lango la kiwanda, wakati nyapara anapochagua vibarua kwa kidole: wewe, wewe, na wewe, wengine kesho. Aliyasema kwa sauti ya kuchoka, karibu na maiki. Nilikuwa nimemfundisha kupiga kelele mwaka mzima, na sasa alinong'ona, na vinyweleo vya mikono yangu vilisimama. Kelele aliitoa mara moja tu, mwishoni, kwenye neno kesho.

Katika siku kumi tulimaliza nyimbo tano. Zilibaki tatu.

Jumatatu ya juma la tatu, mzee alikuja mwenyewe kutoka Dandora. Mmoja wa kikundi chake amefariki, alituambia, yule yule aliyekuwa akining'iniza ngoma kubwa, baba, begani. Mwili utatoka mochari Alhamisi asubuhi kwenda nyumbani magharibi. Ngoma ataichukua Jumatano jioni.

"Tuna siku mbili, basi," nikasema.

Mzee aliniangalia. Nilipaswa kusema pole kwanza. Mwimbaji alisema kwa niaba yangu.

Nyimbo tatu kwa siku mbili. Nilipiga hesabu hiyo usingizini. Jumanne asubuhi baridi ilikuwa ya kunata, ukungu haujatoka, na mwimbaji alifika akiwa hajiwezi kwa uchovu, akalala kwenye kiti huku kikombe kikiwa mkononi. Sikutaka kumwamsha kwa ajili ya kupasha ngoma. Na niseme ukweli, ule moto wa gazeti ulikuwa umenichosha. Unapasha dakika moja, unapata dakika tano. Mimi nilikuwa na hita ya umeme, ya vyuma viwili vinavyowaka vyekundu, niliyokuja nayo kutoka Uingereza. Niliwaza kwamba joto la kudumu litaleta sauti ya kudumu. Nikaiweka ngoma mbele yake, nikapima umbali kwa rula. Ndiyo, kwa rula. Nikafunga mlango wa chumba chenye blanketi kumi na mbili ukutani, nikaenda kuchemsha chai.

Nilisikia kitu kama kofi. Moja tu.

Ngozi ilikuwa imepasuka kutoka kigingi cha pembeni hadi katikati, na kingo zake zilikuwa zimejikunja kama jani kavu. Niliingiza kidole, sijui kwa nini, kana kwamba ningepata mahali pa kuishikilia. Mpiga besi alifika akasimama mlangoni. Mwimbaji aliamka, akaja, akatupita sote wawili, akazima hita, akapiga magoti. Hakunitukana. Heri angenitukana.

"Ngoma ya babu yangu," akasema. Basi.

Tulikwenda Dandora mchana huo. Niliibeba mwenyewe ikiwa ndani ya shuka lake, na njia nzima nilitunga maelezo. Mzee alifunua shuka, akatazama, akafunika tena.

"Ulitumia nini?"

"Hita, Mzee."

"Gazeti lilikwisha?"

"Halikuwa limekwisha."

Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele uani kwa ajili ya matanga waliacha kupepeta.

"Huko ulikokwenda ulisomea nini?" akauliza.

"Sauti, Mzee."

"Sauti," akasema, akaingia ndani.

Alhamisi nilikwenda mochari. Mwimbaji alisema nisiende, nikaenda. Nilisimama nyuma, karibu na ukuta, na koti langu la majuu ambalo kila mtu aliliona. Ngoma mbili, mama na mtoto, zilianza kupigwa mwili ulipotoka, mdundo juu, mwembamba, una shimo chini yake. Kila mtu anayezijua ngoma zile alilisikia lile shimo. Mjane wa marehemu alikuwa ameshikwa na wanawake wawili, naye akalia kwa Kiswahili, labda kwa ajili yetu wa mjini: "Baba yuko wapi? Mbona baba haji?"

Watu wote walidhani anamlilia mumewe. Labda ndivyo. Mwimbaji aligeuka akanitafuta kwa macho kati ya watu, akanipata, nami nikatazama viatu vyangu hadi gari lilipoondoka. Sijawahi kujiona mdogo vile, hata siku ya kwanza kwenye masufuria ya watu.

Mzee alisafiri na mwili. Alituachia ngoma na neno moja, kwamba akirudi aikute na sauti.

Baba yake mpiga besi, yule mchongaji, hakuwa amewahi kuwamba isukuti, lakini kwao Ukambani aliwahi kuwamba ngoma za namna nyingine. Aliigeuza geuza mikononi, akausifu mti wake. Kenge hawezi kupatikana, akasema, ni mnyama wa serikali, na asiyependa jela asiulize. Alinituma machinjioni kutafuta ngozi ya ndama, mbichi, isiyo na kovu. Nilirudi nayo ndani ya gunia ikinidondokea damu kwenye suruali, mimi mwenye diploma, na siku mbili nzima nilikaa chini ya banda lake nikikwangua manyoya kwa kigae cha chupa. Yeye alichonga vigingi vipya. Tuliivuta ngozi watatu, kila mmoja upande wake, huku akituamuru kama anafunga mzigo.

"Vuta! Wewe wa Ulaya, vuta, hiyo si soksi!"

"Itakauka lini, Mzee?"

"Ikikauka."

"Basi ni la Jumatatu ijayo."

"Kivulini, na upepo. Ukiileta hiyo hita yako hapa nitakutwanga nayo."

Yalikuwa majuma mabaya kuliko yote niliyowahi kuishi, ingawa ukiyahesabu ni siku sita tu. Kila asubuhi nilikwenda kuigusa. Ilikuwa na unyevu kama shavu la mtu mwenye homa. Jua halikutoka. Wake wa majirani walianza kuuliza blanketi zao, maana watoto walikuwa wanakohoa, na niliomba siku zaidi kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa yangu. Mpiga besi alikuwa ameshafunga sanduku. Siku ya nne niliwaza tutoe kanda yenye nyimbo tano, nikajua muuza nyama atasema nini, na bado nikaona heri hivyo. Niliketi katika chumba kile kisicho na dirisha nikasikiliza ile njia ya kwanza peke yake, sauti ya kenge bila magitaa. Hapo ndipo mahali pekee duniani ilipobaki.

Alhamisi iliyofuata mchongaji aliipiga kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. Niliipiga mimi. Ilikuwa chini mno, chini kuliko ile ya zamani kwa mbali, sauti inayoanzia tumboni na kuchelewa kutoka. Mara moja masikio yangu yalisikia magitaa juu yake. Nikasema twende chumbani, turekodi leo, kesho tuipeleke.

"Hapana," mwimbaji akasema. "Kwanza irudi."

"Akiikataa je? Basi linaondoka Jumatatu!"

"Akiikataa, ameikataa. Lakini hutaipiga tena kabla hajaipiga."

Mpiga besi, ambaye ndiye aliyekuwa na haraka kuliko sisi sote, aliichukua ngoma na kuanza kutembea kuelekea kituoni. Nikafuata.

Mzee alikuwa amerudi Jumanne. Aliiweka begani, akaipasha kwa kurasa mbili za gazeti bila kuniangalia, akaanza polepole. Akasimama. Akaanza tena. Majirani wa ploti yake walitoka milangoni. Nilikuwa nasali, mimi ambaye mama yangu alikwisha kukata tamaa na kusali kwangu.

"Huyu si baba," mzee akasema mwishowe.

Akaisogeza juu zaidi begani.

"Huyu ni babu." Akaipiga tena, na safari hii kona ya mdomo wake ilisogea. "Sikia anavyokohoa."

Nilieleza shida yetu, kwa kifupi mara hii, bila masafa ya sauti. Nyimbo tatu, siku tatu. Alisema hakopeshi tena kitu chochote kwa mtu mwenye hita. Halafu, baada ya kuniacha nisimame hapo na aibu yangu kwa muda aliouona unatosha, akasema atakuja mwenyewe, Jumamosi, na ngoma yake begani, na kwamba kuna deni jingine ambalo tutalizungumza mbele ya safari.

Alikuja na makoti yake mawili. Aliziangalia blanketi ukutani akauliza kama huwa nalala wima. Nilimwekea maiki, na kabla sijafungua mdomo kumwambia nitahesabu hadi nne, alikuwa ameanza. Mpiga besi alilegeza nyuzi mpaka zikawa kama kamba za kuanikia nguo. Mimi nilifuata. Tulipiga sote pamoja, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya kwenye zile tano, kwa sababu mzee alikataa kupiga peke yake kama mwendawazimu. Sauti ya ngoma iliingia kwenye maiki ya gitaa, na ya gitaa kwenye maiki ya ngoma, uchafu mtupu, na sikusimamisha mashine. Nyimbo tatu, kila moja mara mbili. Jumapili watu wakiwa kanisani mwimbaji aliweka sauti yake. Wimbo wa mwisho hauna maneno mengi. Ni mtu anauliza baba yuko wapi, na ngoma haijibu, inatembea tu. Mzee aliusikiliza kwenye vipokea sauti vyangu, akavivua taratibu kama miwani.

Jumatatu mpiga besi alipanda basi la Garissa akiwa na nakala ya kwanza mfukoni.

Kanda ile ilizunguka. Nitajisifu, kwa kuwa hakuna mwingine atakayenifanyia. Ilipigwa Umoja, ikapigwa Dandora, vijana wa muziki walikuja kuniuliza nilitumia mashine gani kupata uzito ule, na wengi walisema upande wa pili, ule wa ngozi ya ndama, haujawahi kufanywa na mtu mjini. Muuza nyama aliinunua kwa ajili ya mpwa wake, alivyosema. Hatukuwa tena bendi iliyojifunza muziki kwa watu, tulikuwa na wa kwetu, na mimi ndiye niliyeurekodi.

Blanketi nilizifua kwa mikono yangu, zote kumi na mbili, nikazianika kwenye ukuta wa ploti na kuzirudisha kila moja kwa kitambaa chake. Mke wa dereva alinusa yake mbele yangu, akasema nimeponea chupuchupu. Mama mwenye nyumba nilimpigia plasta kile chumba na kumtilia dirisha. Mchongaji alikataa kila kitu isipokuwa kanda yenyewe, ambayo nadhani hakuisikiliza.

Likabaki la mzee. Mwisho wa mwaka, watu wote walipokuwa wakienda kwao, alituma ujumbe kwamba tujitayarishe. Tulisafiri mimi, yeye na mpwa wake, na ngoma zote tatu. Asubuhi iliyofuata, jua likiwa limetoka vizuri, tulipanda kilima chenye chai na mahindi hadi boma la yule marehemu. Kaburi lilikuwa kando ya migomba, udongo wake umeshajishika. Mzee alinining'inizia ngoma kubwa begani. Nilidhani ni ya kubeba tu.

"Alhamisi ile alitoka mochari bila ngoma kubwa ya kumtangulia," akasema. "Mtangulie sasa."

Aliniongoza kwa ile ya kati, mpwa wake kwa ndogo. Nilipiga vibaya mwanzoni, kisha si vibaya sana. Tulizunguka boma lote, kutoka langoni hadi kaburini, na majirani wakatoka mashambani wakatufuata, wanawake wakiimba. Mjane hakulia. Alisimama kichwani pa kaburi akiwa amekunja mikono, akasikiliza hadi mwisho, hadi mikono yangu ilipokuwa imevimba.

"Ni nzito?" akaniuliza.

"Ni nzito, mama."

"Yeye hakuwahi kusema." Akamgeukia binti yake. "Mletee huyu wa Nairobi chai, na kiti."

Mzee aliivua ngoma begani pangu, akaifunika shuka, akaiweka upande wake. Nilikunywa chai ile, vikombe viwili, na sikuwa tena na kitu cha mtu, wala deni.